Majivu ya Kizingitini

Siku Salehe alipomtia machoni Bi Mwanvita kwa mara ya kwanza, yeye mwenyewe alikuwa amepiga magoti katika chumba cha kuzalia cha zahanati, anasugua sakafu kwa maji matupu. Ilikuwa masika ya mwaka themanini na tisa. Dawa ya kusafishia ilikwisha tangu kabla ya mfungo, Idi ikaja ikapita, na maboksi ya dawa ya wilayani yalikuwa hayajapanda mlima mwezi wa tatu sasa. Sabuni iliyobaki ilikuwa kipande chembamba kama ukucha.

Asubuhi ile walikuwa wamemteremsha kwa machela mwanamke wa tatu. Wa kwanza alikufa njiani kabla ya kufika barabara ya Kinole. Wa pili alifika Morogoro mjini, akafia huko. Huyu wa tatu alitoka akitetemeka kwa homa mpaka kanga aliyofunikwa ilikuwa inacheza yenyewe. Wote watatu walijifungua salama, wakanywa uji, wakacheka na shangazi zao. Siku ya tatu ndipo homa ilipowakamata.

Salehe aliuona moshi mlangoni kabla ya kumwona mtu. Halafu akaona miguu myembamba, mitupu, yenye matope ya njiani. Mama mmoja mtu mzima alikuwa amesimama na chungu kichwani, kinafuka. Jani la mgomba alilolikata kujikinga na mvua alikuwa amelifunikia chungu. Yeye mwenyewe alikuwa amelowa chapachapa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Salehe, kaka yake Saada?"

"Ndiyo, mama."

Hakuingia. Alinyoosha shingo, akavuta hewa ya chumbani kwa pua, taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani. Kisha akarudisha kichwa nje.

"Dada yako ana mimba," alisema.

Salehe aliangalia ndoo. Habari hiyo ilikuwa bado ya ndani, hata majirani walikuwa hawajaambiwa.

"Atakuja kuzalia humu?"

"Ndivyo tunavyoambiwa, mama. Wasizalie nyumbani."

"Basi sugua vizuri, mwanangu. Chumba hiki kimekula watatu na hakijashiba."

Maneno hayo yalimwingia Salehe mwilini kama maji ya baridi. Alikuwa mtu wa miaka arobaini, mhudumu wa zahanati, darasa la saba, mwenye aibu kiasi kwamba kwenye mikutano ya kijiji alikuwa akikaa nyuma ya nguzo. Mkewe Mwaisha alimzalia watoto wanne, lakini kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na hao wanne walikuwa wa ukoo wa Mwaisha. Wa kwao yeye, wa kulishika jina na shamba la bibi zao, wangetoka tumboni mwa Saada tu. Na Saada alikuwa dada wa pekee. Katika miaka sita ya ndoa mimba mbili zilikuwa zimemharibikia. Hii ya tatu ilikuwa imeshika, na ingefika wakati wake mvua za vuli zikianza, ndani ya chumba hicho hicho.

Mganga wa zahanati aliitwa Patrick, ingawa kijiji kizima kilimwita daktari. Alikuwa kijana wa Tabora, Mnyamwezi, mpole, na macho mekundu kwa kuchemshia vyombo vyake kwenye kuni, kwa kuwa mafuta ya taa nayo yalikuwa yameisha. Alipouona moshi alitoka mbio.

"Bibi, moto humu ndani hapana. Hii ni zahanati ya serikali."

"Serikali imekuletea nini mwezi huu, Mnyamwezi?"

"Haijaleta kitu."

"Basi mimi nimekuletea moshi."

"Moshi peke yake hausafishi chumba, bibi. Kinachosafisha ni maji ya moto na dawa."

"Nani kakwambia mimi sichemshi maji? Babu zako walikuwa wakipita hapa chini na pembe za ndovu za wenyewe mabegani, wanakwenda pwani. Bibi zangu waliwafukiza njiani wasituachie ndui. Hawakubisha, na mizigo walikuwa nayo. Wewe hata mzigo huna, unabisha!"

Patrick alicheka bila kupenda, kama mtu anavyomchekea mtani wake. Halafu akakaa kwenye ngazi, kicheko kikamwisha. Alikuwa amewaandikia wilayani barua nne.

"Haya, mtani," alisema mwishowe. "Kuta zioshwe kwanza, mbele ya macho yangu. Na kina mama wakae mbali na moshi."

"Mwanamke mzazi na moshi wapi na wapi? Moshi ni wa chumba."

Ndivyo kazi ilivyoanza. Bi Mwanvita alitaka kitanda kitolewe nje kipigwe na jua, sakafu na kuta zisuguliwe kwa maji yanayochemka na majivu, mara mbili. Kitanda kikishakauka kilirudishwa, ndipo akaweka chungu katikati. Aliweka mvumbasi mkavu, majani ya mkaratusi, maganda ya mdalasini, na juu yake ubani kidogo. Madirisha aliyaziba kwa nyasi na udongo. Mlango ulifungwa, ufunguo akakabidhiwa Salehe. Mwisho alichukua chekeche ndogo aliyoisuka mwenyewe kwa ukindu, akachekecha majivu juu ya kizingiti mpaka yakalala sawasawa, mepesi, kama ukungu wa alfajiri bondeni.

"Siku mbili," alisema. "Asiingie mtu. Akiingia mtu, unyayo utasema, na kazi yote itaanza upya. Mimi silali mlangoni. Majivu ndiyo yanalala hapa kwa niaba yangu."

"Na akiingia mtu mwenye haraka, mama?"

"Haraka ya nini? Maiti ndiyo yenye haraka ya kuzikwa."

Salehe akawa msaidizi wake. Walipanda pamoja kuchuma mvumbasi juu ya mashamba ya mananasi, yeye nyuma na kikapu, mama mbele na mdomo wake. Huko ndiko alikomfahamu. Mamake Bi Mwanvita alikuwa mfukizaji wa nyumba za ndui, mwanamke aliyekuwa akiitwa usiku na kukimbiwa mchana. Bi Mwanvita mwenyewe alizaa watoto wawili. Wa kiume, Mansuri, alikuwa analima mpunga Dakawa. Wa kike, Chausiku, alikuwa mama wa kwanza kabisa kujifungulia katika zahanati ile, mwaka ilipofunguliwa, kukiwa na ngoma na hotuba. Siku ya tatu homa ikamkamata.

"Watu walisema nimelogwa," alisema, huku akikata tawi. "Nikawaambia mimi simjui mchawi. Ninachojua, kabla ya mwanangu kuingia mle walikuwa wamelaza mtu mwenye donda kubwa mguuni, na sakafu ilipigwa deki kwa kitambaa kimoja. Nilikiona kile kitambaa. Nikanyamaza, kwa sababu kulikuwa na mgeni kutoka wilayani anahutubia. Nilimwonea haya mgeni."

Salehe alipokea tawi, akalitia kikapuni.

"Mimi si mganga," aliongeza mama yule. "Sipigi ramli, siuzi hirizi. Mimi nasafisha. Wakikuuliza, waambie hivyo."

Juni mpaka Oktoba wanawake kumi na mmoja walizalia pale. Mmoja alipata homa, Patrick akamchoma sindano, akapona. Hakuna aliyeteremshwa kwa machela. Watu walianza kumsalimu Bi Mwanvita kwa mbali, kwa sauti kubwa, lakini yeye hakufurahi. Kila walipomaliza kukifukiza upya na kufungua mlango, alisimama kwanza kizingitini, akanusa, na kila mara alitikisa kichwa.

"Kimetulia tu," alikuwa akimwambia Salehe. "Kinangoja."

Salehe alikuwa akihesabu miezi ya dada yake kwa vidole ndani ya mfuko wa suruali.

Mwaka ule biashara ilikuwa ruksa. Vitu vilivyokuwa vikifichwa chini ya vitanda vilipangwa barabarani. Kila nyumba ya tatu kijijini ilikuwa na meza nje, yenye biskuti, betri, sabuni ya unga. Mama mjamzito sasa aliambiwa aje na wembe wake, uzi wake na glovu zake, vitu alivyovipata mezani kwa jirani. Mwaisha naye hakutaka kubaki nyuma. Alishuka Mwembesongo, mjini, na wenzake wawili, wakarudi na robota la mitumba, zito, limekazwa kwa mikanda ya bati. Kabla hawajalifungua, vuli ikaanza.

Nyumba ya Salehe ilikuwa ya nyasi, na nyasi zilikuwa zimechoka. Mvua ilidondoka kitandani, jikoni, kila mahali.

"Zikilowa zitavunda, baba Furaha," Mwaisha alisema, analizunguka lile robota kama kuku mwenye vifaranga. "Mitaji ya watu watatu hiyo! Huko zahanati hakuna pakavu?"

Pakavu palikuwepo. Chumba cha kuzalia kilikuwa na bati zima, madirisha yamezibwa, hakuna panya wala mende anayeweza kukaa mle na ule moshi. Kilikuwa kimefukizwa siku ile ile asubuhi. Na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake.

Salehe hakumwambia mtu. Alasiri, watu wote wamejificha mvua, alijitwika robota akapita njia ya mkato, katikati ya zizi la mbuzi wa jirani, matope na samadi mpaka kwenye vifundo. Mzigo ulimfunika uso, kizingiti hakukiona. Alikanyaga majivu kwa mguu mzima. Ndani moshi ulimwuma macho, sakafu ilikuwa bado na unyevu, akalitua robota mahali pekee pakavu, juu ya kitanda cha kuzalia. Alipotoka aliuona unyayo wake, mkubwa, mweusi, vidole vyote vitano. Alichuchumaa akaufuta kwa kiganja, akasawazisha majivu.

Siku ya pili mvua ilipokatika alilitoa, akafuta matope yake sakafuni kwa tambara. Akasawazisha tena.

Asubuhi iliyofuata Bi Mwanvita alikuja kufungua. Patrick alikuwa nyuma yake na sufuria ya vyombo vilivyochemshwa. Mama yule alifika kizingitini, akasimama. Hakunusa. Aliinama, akaangalia majivu kwa muda ambao Salehe aliuona mrefu kuliko safari ya mjini. Majivu ya chekeche hulala kama ukungu. Haya yalikuwa yamelala kama uji uliopakwa kwa mwiko.

"Salehe."

"Naam, mama."

"Nani ameingia humu?"

Patrick alikuwa anamtazama. Nyuma ya Patrick walikuwepo wanawake wawili wa kliniki na watoto wao mgongoni, nao wanamtazama. Hakuwahi kusimama mbele ya macho mengi kiasi kile bila nguzo ya kujifichia.

"Hakuna mtu, mama."

"Hakuna?"

"Labda upepo."

"Upepo," alisema Bi Mwanvita. Kule milimani asubuhi ile hata jani la mgomba lilikuwa halitikisiki. "Daktari, mimi ningetaka kuanza upya. Nipe siku mbili."

Kabla Patrick hajajibu, kelele zilisikika njiani. Wanaume wanne walikuwa wanapanda na machela, mbele yao shemeji yake Salehe anakimbia hana hata kandambili. Juu ya machela alikuwa Saada. Chupa ilikuwa imeshapasuka, na alikuwa ameuma upande wa kanga.

"Bibi, chumba kiko tayari?" Patrick aliuliza haraka.

Bi Mwanvita hakumjibu yeye. Alimgeukia Salehe, akamsogelea karibu, akamwuliza kwa sauti ya chini, sauti ambayo wengine hawakuisikia.

"Kiko tayari, mwanangu?"

Hapo mlango wa kusema ulikuwa wazi. Angeweza kusema neno moja, wakamlaza Saada katika chumba cha sindano, hata barazani, juu ya mkeka uliofuliwa. Angeulizwa kwa nini. Robota lingetajwa, Mwaisha angetajwa, watu wangecheka au wasingecheka. Salehe alitazama miguu ya dada yake iliyokuwa inatokeza kwenye machela.

"Kiko tayari."

Bi Mwanvita alivuka kizingiti.

Saada alijifungua kabla ya adhuhuri, mtoto wa kike, mwenye sauti. Vigelegele vilipigwa mpaka chini kwenye kisima. Patrick alitoka anafuta jasho, akampiga Salehe begani.

"Hongera, mjomba! Ukoo umepata mwenyewe."

Salehe alicheka kwa meno tu. Kupitia mlango alimwona Bi Mwanvita. Hakuwa amepiga kigelegele. Alikuwa ameinamia kitanda, Saada amekwisha kuondolewa, anakinusa toka kichwani mpaka miguuni.

"Nguo," alisema, kama anayezungumza na kitanda. "Kinanuka nguo za watu."

Siku ya kwanza Saada alikunywa uji. Siku ya pili alicheka, akasema mtoto ana masikio ya mjomba wake. Salehe alikwenda kumwangalia nyumbani kwake asubuhi, mchana na jioni, akawa anagusa mkono wake kila akimpa kikombe, kuupima joto. Mwaisha alikuwa ameshatandaza mitumba yake kwenye turubai, watu wanapigania makoti. Salehe hakuweza kupita pale. Kila koti lilikuwa kama mtu aliyelala.

Siku ya tatu alipogusa mkono wa Saada, ulikuwa moto.

Alikimbia mpaka zahanati. Alimkuta Patrick peke yake, na hapo, bila kupumzika, akamwambia yote: mvua, robota, zizi la mbuzi, kitanda, kiganja chake juu ya majivu. Patrick alisikiliza amesimama. Kisha akafungua kabati, akatoa chupa mbili za penisilini, za mwisho.

"Salehe, glovu za Saada zilisahaulika nyumbani, na nilizovaa siku ile zilikuwa zimefuliwa mara nne. Inawezekana ni wewe. Inawezekana ni mimi. Homa haileti barua kusema nani kaituma." Alivuta dawa kwenye sindano. "Lakini ungesema. Bibi alikuuliza nikisikia."

Walimteremsha Saada siku hiyo hiyo. Salehe alishika mti wa mbele wa machela, hakukubali kupokewa. Wabebaji wa mlima ule walikuwa na kawaida yao: wakifika penye mgomba mkubwa, mahali alipokata roho yule mwanamke wa kwanza, walibadilishana mabega bila kusema neno, wala kuangalia nyuma. Salehe alipita hapo na bega lile lile, anasikiliza. Alikuwa anasikiliza meno ya dada yake yanavyogongana. Yalikuwa bado yanagongana, na hiyo ndiyo ilikuwa habari njema pekee aliyokuwa nayo. Barabarani walipata lori la mananasi, wakamlaza juu ya magunia.

Saada hakufa. Alikaa hospitali mjini wiki sita, na ili abaki hai madaktari walikitoa kizazi. Aliporudi alikuwa mwepesi kama kikapu. Alimpakata binti yake kwenye kanga, na wazee wa ukoo walikuja mmoja mmoja kumfunua na kumtazama. Salehe aliwaona wanavyomtazama, kwa hofu, kama watu wanaotazama moto wa kibiriti kwenye upepo. Hakukuwa na mwingine wa kumngojea. Ukoo mzima sasa ulikuwa ndani ya kanga moja. Na mtoto alikuwa anakohoa.

Baada ya Saada kuteremshwa, Bi Mwanvita alisugua chumba kile peke yake siku saba, hakumruhusu mtu kumsaidia, kisha akachukua chungu chake akaenda zake, asikanyage tena zahanati. Saada aliporudi, Salehe alijikaza wiki nzima ndipo akaenda kwa mama yule. Alimkuta anafunga vyombo kwenye shuka. Mansuri alikuwa amemwita Dakawa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Dada yako anakula?"

"Anakula. Mama, mimi... ni mimi niliyeingia."

"Najua."

"Daktari alikwambia?"

"Majivu yaliniambia, asubuhi ile ile. Mimi majivu yangu siyajui?"

Salehe alikaa chini, kwenye makumbi ya nazi. "Sasa kama ulijua, mbona uliniuliza?"

"Nilikuuliza mara mbili." Alikaza fundo kwa meno, akalitema pembe la shuka. "Macho yangu yalisema hivi, wewe ukasema vile. Nikajiambia, huyu ni kaka yake. Hawezi kumlaza dada yake mahali pabaya kwa kuona haya tu. Nikayaacha macho yangu nikashika neno lako. Nilijua vizuri sana mtu anavyoweza kunyamaza kwa kuona haya, maana nilishafanya hivyo kwa mwanangu, na bado nikakuamini. Hilo ni langu. Nitakwenda nalo Dakawa."

Salehe alitaka kulia, akashindwa hata kulia mbele yake. Alijitwika furushi, wakashuka pamoja mpaka barabarani, mama nyuma safari hii, yeye mbele. Njia nzima mama yule hakutania mtu. Walipopita zahanati alisimama kidogo, akavuta hewa kwa pua kutoka pale njiani, kama siku ile ya kwanza, akatikisa kichwa.

Lori lilipofika, alipanda mbele karibu na dereva. Salehe hakumwona tena. Kabla ya masika mengine habari zilipanda mlima kwamba amezikwa huko huko, pembeni ya mashamba ya mpunga. Kwa hiyo alichomwambia pale barabarani, injini ikinguruma, ndicho cha mwisho alichokisikia kinywani mwake. Alikuwa amefungua upande wa furushi, akatoa ile chekeche ndogo ya ukindu, akampa kupitia dirishani.

"Chekecha mwenyewe," alisema. "Na ukikanyaga, usifute."